Aliwatetea wafu wetu wa Hola, akawakataa walio hai

KWENYE kundi letu la WhatsApp la wale tuliosoma pamoja, jamaa mmoja alituma juzi picha ya mzungu mwenye masharubu na macho makali kama ya mwewe. Chini yake alikuwa ameandika kwamba huyu ndiye mbunge aliyesimama London akawatetea mashujaa wetu wa Hola, ilhali shuleni hakuna mwalimu aliyewahi kututajia jina lake. Makofi yakamiminika. Mwingine akauliza mbona Nairobi haina hata kichochoro kinachoitwa kwa jina lake.

Jina lenyewe ni Enoch Powell. Nilianza kuandika jibu kwa simu, nikafuta, nikaandika tena, mwishowe nikaona hili si jambo la kumalizwa kwa ujumbe mmoja. Maana picha ile haikudanganya. Powell kweli aliwatetea wafu wa Hola, na aliwatetea kuliko mbunge mwingine yeyote wa chama chake. Lakini hebu litaje jina hilo mbele ya mzee wa Kijamaika anayeishi Birmingham, au mbele ya Mhindi aliyepanda ndege Embakasi akiwa mtoto mwaka wa 1968. Hutapigiwa makofi. Utaona uso ukikunjamana.

Wacha tuanzie Hola, kwa sababu makofi yanatoka huko.

Ilikuwa Machi 3, 1959. Kando ya Mto Tana kulikuwa na kambi ya wafungwa wa Mau Mau ambao serikali ya kikoloni iliwaona sugu. Hawa ni watu waliokataa kufanya kazi ya kulazimishwa, wakisema wao si wahalifu bali wafungwa wa kisiasa. Wakubwa wa magereza walibuni mpango wa kuwalazimisha kwa nguvu, ukaitwa Mpango wa Cowan kwa jina la afisa aliyeuandika. Siku hiyo wanaume 88 walitolewa nje wakazungukwa na askari wenye marungu. Kipigo kilipokwisha, waliokufa walikuwa wakihesabiwa, na hesabu ikafika 11. Wengine wengi walibaki na majeraha ya maisha.

Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema watu hao walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwa gari la kusambaza maji kambini. Eti maji! Uchunguzi wa maiti ndio uliofichua kwamba walikuwa wamepigwa hadi kufa.

Huko London, serikali ya chama cha Conservative ilitamani mambo yazimwe kimyakimya. Uchaguzi mkuu ulikuwa mlangoni, ungefanyika Oktoba mwaka huohuo. Upinzani wa Labour, hasa mbunge Barbara Castle, ulikataa kunyamaza, na usiku wa Julai 27 suala hilo likaletwa bungeni. Saa saba usiku ilikuwa imeshapita Powell aliposimama. Hakuwa mpinzani. Alikuwa mbunge wa chama tawala, na alichokuwa akikikosoa ni kazi ya serikali yake mwenyewe.

Hoja yake ilikuwa nyepesi kuielewa na nzito kuijibu. Kwanza, hakukubali lawama imwishie mkuu wa kambi peke yake. Walioidhinisha mpango ule nao wabebe mzigo wao. Pili, kuna mbunge aliyekuwa amewaita marehemu wale watu wasiofikia ubinadamu. Powell alimgeukia na kusema kwamba ni jambo la kutisha mtu kumpima binadamu mwenzake hivyo, kisha aseme kwa sababu alikuwa hivi na hivi, basi kifo chake si kitu. Tatu, na hili ndilo linalonukuliwa hadi leo, alisema Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki barani Afrika, kingine Asia, na kingine nyumbani kwao. Kipimo ni kimoja au hakuna kipimo.

Denis Healey, mbunge wa Labour aliyekuja kuwa waziri wa ulinzi na baadaye wa fedha, alisema miaka mingi baadaye kwamba hiyo ndiyo hotuba kubwa kuliko zote alizowahi kusikia bungeni. Na huyo alikuwa mpinzani wake! Kwa hivyo jamaa wa WhatsApp hakukosea. Hakuna aliyeshtakiwa mahakamani kwa mauaji yale, hiyo ni kweli, lakini angalau maneno yalisemwa na yakaandikwa kwenye kumbukumbu za bunge.

Sasa songa mbele miaka tisa tu.

Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, wakazi wenye asili ya India na Pakistan walipewa miaka miwili kuamua kama watachukua uraia wa Kenya. Sensa ya 1962 ilikuwa imehesabu Waasia zaidi ya 170,000 nchini. Baadhi yao waliomba uraia. Wengine, kwa hofu au kwa hesabu zao za maisha, walibaki na pasipoti za Uingereza. Pasipoti hizo hazikuwa za kuokota. Zilitolewa na serikali ya Uingereza yenyewe, na ahadi iliyokuwa ndani yake ni kwamba siku mambo yakiharibika, mlango uko wazi.

Mambo yakaharibika, na hapa tusijifanye malaika. Mwaka wa 1967 serikali yetu ilipitisha sheria ya uhamiaji na ile ya leseni za biashara. Asiye raia akatakiwa kuwa na kibali cha kazi, na maduka mengi yakafungiwa nje ya maeneo na bidhaa fulani. Maelfu wakaona dalili. Kufikia mwisho wa mwaka huo na mwanzoni mwa 1968, ndege za kwenda London zilikuwa zinajaa familia zenye masanduku, na watoto waliovalishwa masweta ambayo Nairobi hayakuwa na kazi.

Powell aliiona nafasi. Februari 9, 1968, akiwa Walsall karibu na eneobunge lake la Wolverhampton, alitoa hotuba akiwataja wazi Wahindi wa Kenya kama mfano wa mlango uliosahauliwa bila kufungwa. Hakuwa peke yake. Duncan Sandys, aliyekuwa Waziri wa Makoloni wakati wa uhuru wetu, alipiga kampeni hiyohiyo kana kwamba pasipoti hizo zilitolewa na mtu mwingine. Na wa kushangaza zaidi ni serikali ya Labour, ile iliyojiita ya wanyonge. Chini ya waziri James Callaghan, ilipitisha sheria mpya kwa siku tatu. Tatu! Kufikia Machi 1, mwenye pasipoti ya Uingereza ambaye hakuzaliwa huko, wala mzazi wake, wala babu au bibi yake, hakuwa tena na haki ya kuingia. Sheria haikutaja rangi popote. Haikuhitaji. Mzungu wa Karen alikuwa na babu Yorkshire. Fundi cherehani wa Ngara alikuwa na babu Gujarat.

Baada ya hapo ukaja mfumo wa vocha, familia 1,500 kwa mwaka. Waliokosa vocha wakajaribu bahati yao, wakawa wanarushwa kati ya uwanja mmoja wa ndege na mwingine kama mpira, hakuna nchi inayowataka. Mwaka wa 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilitoa uamuzi kuhusu malalamiko ya Waasia wa Afrika Mashariki: kuwabagua kwa rangi kwa namna ile kulikuwa kuwadhalilisha.

Kwa haki, sheria ile haikuwa ya Powell. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akipiga ngoma nje wakati wengine wakicheza ndani. Na sheria ilipopita, hakutosheka.

Aprili 20, 1968, katika hoteli moja jijini Birmingham, alitoa hotuba inayojulikana ulimwenguni kama Mito ya Damu. Yeye hakuiita hivyo. Alikuwa msomi wa Kilatini na Kigiriki, na mwishoni alichomeka mfano kutoka kwa mshairi Virgil, wa mtu anayeona mto Tiber ukitoka povu la damu. Kabla ya hapo alikuwa amesimulia habari za mpiga kura aliyemwambia kwamba baada ya miaka 15 au 20 mtu mweusi ndiye atakayemshikia mzungu kiboko. Akasimulia pia habari za mama mzee, mjane, mzungu wa mwisho kwenye mtaa wake, anayetiliwa kinyesi kwenye tundu la barua na kuzomewa na watoto weusi.

Mama huyo alikuwa nani? Waandishi wa habari walimsaka Wolverhampton nzima wakati huo, wasimpate. Powell alikataa katakata kumtaja. Na si yeye peke yake asiyeonekana. Kule Walsall, Powell alikuwa amesimulia habari za mtoto mzungu aliyebaki peke yake darasani miongoni mwa watoto wa wahamiaji. Darasa hilo nalo likatafutwa bila mafanikio.

Hapa ndipo ninapomshika mtu huyu kuhusu tabia yake, si siasa zake tu. Powell alijulikana kama mtu wa mantiki, mtu wa ushahidi. Katika suala la Hola alitaka kila jina, kila karatasi, kila aliyeidhinisha. Kule Birmingham aliwatuhumu watu wa mtaa mzima, watoto wakiwemo, kwa ushahidi wa mama asiye na jina. Kipimo kimoja, ama vipi?

Tena alijua anachokifanya. Mhariri wa gazeti la Express & Star la Wolverhampton, Clement Jones, alikuwa rafiki wa familia yake. Powell alimdokezea kabla ya siku ile kwamba hotuba anayokwenda kuitoa itapaa kama roketi, na tofauti na roketi nyingine, hii haitaanguka. Huyo si mtu aliyeteleza ulimi. Jones alipoona matokeo, na waandishi wake walipomtafuta mjane yule bila kumpata, urafiki wao ukafa.

Roketi ilipaa kweli. Siku iliyofuata kiongozi wa chama, Edward Heath, alimfuta kazi ya waziri kivuli wa ulinzi. Gazeti la The Times likasema hotuba ile ilikuwa ya uovu. Lakini mtaani mambo yalikuwa mengine. Mnamo Aprili 23, makuli wa bandari ya London waliacha kazi wakaandamana hadi bungeni kumuunga mkono. Siku iliyofuata wakafuata wapagazi wa soko la nyama la Smithfield. Barua zaidi ya 100,000 zilimfikia katika siku chache, karibu zote za kumsifu. Kura ya maoni ya Gallup ilisema asilimia 74 ya Waingereza walikubaliana naye. Na siku kumi baada ya hotuba, familia ya Wakaribiani waliokuwa kwenye sherehe ya ubatizo Wolverhampton ilivamiwa na vijana wa kizungu wenye visu. Powell hakubeba kisu. Wanaobeba visu ni wengine siku zote.

Huyu jamaa alikuwa nani hasa? Alizaliwa Birmingham mwaka wa 1912, mtoto wa walimu. Akiwa na miaka 25 tu alikuwa profesa wa Kigiriki huko Sydney, Australia. Vita vilipoanza 1939 akajiunga na jeshi kama askari wa kawaida, akamaliza akiwa brigedia. Alijifunza Kiurdu. Ndoto yake, usicheke, ilikuwa awe Gavana Mkuu wa India, na uhuru wa India ulipokuja 1947 ukamvunja moyo. Baada ya hapo akaigeukia Uingereza yenyewe, akaifanya kitu cha kuabudiwa. Himaya imekwisha, basi tufunge mlango tubaki wenyewe.

Nadhani hapo ndipo Hola na Birmingham zinapokutana. Kwa miaka mingi watu wamejiuliza ilikuwaje mtu aliyesema maneno yale ya 1959 akasema haya ya 1968. Wengine husema alibadilika, kwamba tamaa ya uongozi ilimharibu. Ni kweli aligombea uongozi wa chama mwaka wa 1965 akapata kura 15 tu dhidi ya 150 za Heath, na kidonda cha namna hiyo huuma. Lakini mimi sioni mabadiliko makubwa. Ukiisoma tena hotuba ya Hola, utagundua kwamba mhusika mkuu wake ni Uingereza: heshima yake, sheria yake, sura yake mbele ya ulimwengu. Waafrika 11 walikuwa kioo ambamo Uingereza ilijiona chafu. Walikuwa wamekufa, wako mbali, na hawaombi chochote. Hawakutaka chumba cha kupanga Wolverhampton.

Kumtetea mtu wa namna hiyo ni rahisi. Mtihani ulikuja wakati binti wa Nairobi alipobisha hodi akiwa na pasipoti ya bluu mkononi, anapumua, anataka shule na duka. Powell akauanguka mtihani. Novemba mwaka huohuo wa 1968, akiwa Eastbourne, akaeleza msimamo wake bila kificho: Mkaribiani au Mwasia hawi Mwingereza kwa sababu tu amezaliwa Uingereza. Anakuwa raia kisheria, lakini anabaki kuwa Mkaribiani au Mwasia. Na akataka kuwe na wizara nzima ya kuwarudisha watu walikotoka. Kwa hiari, alisema, na kwa kulipiwa nauli. Nashindwa kuelewa ni hiari gani inayohitaji wizara.

Watetezi wake, na bado wapo wengi, hupenda kutaja mambo mawili. La kwanza ni kwamba si kila kitu alichosimamia kilikuwa cha kihafidhina cha kawaida. Ni kweli. Alipinga hukumu ya kifo, na mwaka wa 1967 aliunga mkono kuondolewa kwa adhabu ya jela kwa mashoga, wakati wenzake wengi walipinga. La pili ni takwimu: alitabiri kwamba kufikia mwaka 2000 wahamiaji na uzao wao wangekuwa kati ya milioni tano na saba, na sensa ya 2001 ikahesabu watu wasio weupe milioni 4.6. Hakuwa mbali sana. Sawa. Lakini hakuna aliyempigia kelele kwa sababu ya hesabu. Utabiri wake ulikuwa damu. Miji ya Uingereza imeona ghasia, Brixton mwaka wa 1981 ikiwa mfano, na polisi waliokuwa wakiwasimamisha vijana weusi ovyo barabarani walichangia hilo kuliko idadi yao. Vita vya rangi alivyoviona kwenye ramli yake havikuja.

Sera zake nyingine hazizungumzwi sana, na ni makosa, kwa sababu zinamweleza vizuri. Powell alikuwa muumini wa soko huru kabla Margaret Thatcher hajafanya hilo kuwa dini. Januari 1958 alijiuzulu kutoka Wizara ya Fedha pamoja na waziri wake kwa sababu serikali ilikataa kubana matumizi kwa pauni milioni 50 zaidi. Alitaka bei zijipange, sarafu ijipange, bidhaa zivuke mipaka bila karani wa kuzizuia. Kitu pekee kisichoruhusiwa kutafuta soko lake ni mtu mwenye mikono miwili.

Na angalia kejeli hii. Kuanzia 1960 hadi 1963 alikuwa Waziri wa Afya. Wauguzi walipodai nyongeza mwaka wa 1962, serikali iliwatupia asilimia 2.5, na wakaingia barabarani kulalamika. Mshahara ukiwa wa namna hiyo, vijana wa Uingereza wenyewe hawakuikimbilia kazi hiyo. Waliojaza wodi ni dada zetu kutoka Jamaica na Barbados, na madaktari kutoka India na Pakistan. Wizara yake ilisimamia hospitali ambazo bila watu hao zingefunga wodi. Miaka mitano baadaye akawa anawaambia wazungu wa Wolverhampton kwamba hawapati vitanda vya kujifungulia kwa sababu ya wageni.

Mwisho wake wa kisiasa haukuwa mtamu. Mwaka wa 1974 alikigeuka chama chake kwa sababu ya Jumuiya ya Ulaya, akawashauri watu wapigie Labour kura, kisha akahamia Ireland Kaskazini akawa mbunge wa huko hadi 1987. Alifariki 1998. Hakuwahi kuomba radhi.

Roketi yake bado iko hewani. Agosti 1976 mwanamuziki Eric Clapton, amelewa jukwaani hukohuko Birmingham, aliwaambia mashabiki wamuunge mkono Powell. Mtu aliyejenga jina lake kwa kupiga blues za watu weusi! Wasanii wengine walikasirika wakaanzisha vuguvugu la Rock Against Racism. Mei 2025 Waziri Mkuu Keir Starmer, wa Labour, alisema Uingereza inaweza kugeuka kisiwa cha watu wasiojuana. Watu wakasikia mwangwi wa Powell papo hapo, na baadaye mwenyewe akakiri kwamba alijutia maneno hayo.

Kinachonikera zaidi ni wale wa damu yetu. Rishi Sunak, aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2022, baba yake alizaliwa Kenya. Suella Braverman, Waziri wake wa Mambo ya Ndani, baba yake aliondoka Kenya Februari 1968, yaani katika wiki zilezile ambapo Powell alikuwa akihubiri Walsall na mlango ukikaribia kufungwa. Binti wa mtu aliyeponea chupuchupu akasimama kwenye mkutano wa chama mwaka wa 2023 akaonya kuhusu kimbunga cha wahamiaji. Priti Patel, ambaye wazazi wake walitoka Uganda, ndiye aliyezindua mpango wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda mwaka wa 2022. Miaka miwili kabla ya hapo alikuwa amekiri redioni kwamba sheria zake mpya huenda zingewazuia wazazi wake mwenyewe kuingia. Powell alisema watoto wa wahamiaji hawawezi kuwa Waingereza. Hawa walithibitisha kwamba wanaweza, hadi kufikia kiwango cha kuongea kama yeye.

Lakini kabla hujamcheka Mwingereza, jiangalie nguo. Sisi tuliosukuma watu wale 1967 ndio tuliowatangaza kuwa kabila la 44 mwaka wa 2017, nusu karne baadaye. Sisi ndio tunaolijua neno madoadoa na tunajua lilifanya nini Bonde la Ufa 1992 na 2007. Aprili 2014 maelfu ya Wasomali, wengine wenye vitambulisho halali vya Kenya, walizolewa Eastleigh wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuchujwa. Nakumbuka watu wazima niliowaheshimu wakisema wacha wachujwe. Hawa ni watu walewale ambao ungewaambia habari za Hola wangetokwa na machozi. Machozi ya wafu hayana gharama.

Juu ya Hola yenyewe kuna jambo nililolipata nikisoma kuhusu kesi ya wazee wa Mau Mau jijini London. Mmoja wa walalamishi alikuwa Wambugu wa Nyingi. Alikuwa miongoni mwa waliopigwa siku ile ya Machi 3. Alizimia, akadhaniwa amekufa, akalazwa pamoja na zile maiti 11, ndipo ikagunduliwa kwamba bado anapumua. Mwaka wa 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228. Nikijaribu kufikiria Powell akimtetea mzee Wambugu, swali linalonijia ni hili: kama mwaka wa 1968 angetua Heathrow akiomba kazi ya kufagia kituo cha treni, yule mbunge wa 1959 angemkaribisha?

Kwa hivyo nilipojibu kwenye kundi, niliandika mistari michache tu. Kwamba hotuba ya Hola isomwe, tena shuleni, na jina la aliyeitoa litajwe. Na kwamba siku hiyohiyo isomwe ile ya Birmingham. Jamaa aliyetuma picha akajibu kwa kidole gumba. Mwingine akaniambia napenda kuharibu mambo mazuri. Huenda ni kweli.

Baadaye nilimtumia binamu yangu ujumbe wa sauti. Yeye ni muuguzi kwenye hospitali moja ya eneo lilelile la Birmingham na Wolverhampton. Aliondoka baada ya serikali zetu mbili kutia saini mkataba wa wahudumu wa afya mnamo Julai 2021, wakati hapa nyumbani alikuwa amehitimu na kukaa bila kazi. Nilimwambia kwamba eneobunge alilolishikilia Powell kwa miaka 24 lilimchagua Paul Uppal mwaka wa 2010, Kalasinga ambaye familia yake ilitoka Afrika Mashariki. Na mwaka wa 2017 likamchagua Eleanor Smith, mwanamke mweusi, wazazi wake wa Karibiani, na kazi yake kabla ya siasa ilikuwa uuguzi.

Alinijibu saa nne za usiku, nikisikia mlango wa gari ukifungwa nyuma yake.

"Huyo Powell ndiye nani tena?" akauliza. "Ngoja nitoke zamu utanieleza. Usiku wa leo tuko wawili tu wodini."